Bwana Kifua Alivyowavusha Watu Uwanja

Serikali ilituletea Bwana Shamba, ikatuletea Bwana Afya, na kwa muda mfupi ikatuletea hata Bwana Miti, ambaye hakuna aliyepata kujua alikuwa anafanya kazi gani. Bwana Kifua hakuletwa na jina hilo. Alikuja kituoni kwetu na cheo kirefu chenye maneno kifua kikuu na ukoma ndani yake, na watu wa Newala, ambao hawana muda wa kupoteza na vyeo, wakakikata wakabakiza walichokihitaji. Jina likamganda. Barua za wilayani zilipokuja na jina lake la kweli, mlinzi alizirudisha, akasema mtu huyo hayupo hapa.

Mimi nilimkuta pale. Nilitokea Korogwe, nesi niliyepewa mafunzo ya ushauri nasaha, nikapangiwa chumba katika jengo jipya la mbele nianze kuwapima watu virusi vya UKIMWI. Nilifanya naye kazi miaka mingi, nikagombana naye karibu kila wiki, na sijapata kumpenda mfanyakazi mwenzangu kama nilivyompenda yeye. Nalisema hili mapema ili nitakapomsema vibaya msije mkadhani nina kinyongo.

Alikuwa mrefu na mwembamba, mabega yameingia ndani, shingo imetoka nje, kofia ya pama iliyochoka kichwani. Wageni waliofika kituoni walimpa pole. Mara moja mama mmoja aliyemleta mumewe alimshika mkono akamkalisha kwenye benchi la wagonjwa, akamwambia, “Ngoja, baba, daktari anakuja.” Akangoja kweli. Alikaa pale akapiga soga na yule mume, akamuuliza anakohoa tangu lini, analala kwa ubavu gani, anatoka jasho usiku au hatoki, na alipomaliza kujua yote ndipo akanyanyuka akavaa koti lake. Yule mama alitaka kukimbia kwa aibu.

Alikuwa mraibu wa ugoro. Mtu ambaye kutwa nzima aliwakataza watu tumbaku alikuwa na kikopo cha ugoro mfukoni, na alipopiga chafya kuku waliruka hadi kwa mhasibu. Nilimsema sana. “Huu hauingii kifuani, Mama Neema,” alinijibu huku anafuta pua. “Unaishia puani. Na pua si idara yangu.”

Pikipiki ya serikali aliiendesha polepole mno hata baiskeli zilimpita. Vijana wa bodaboda walipoanza kuingia huku juu mlimani walikuwa wakimpigia honi na kumzunguka, wakimuuliza kama amebeba mayai. Alikuwa akiwapungia mkono kwa heshima. Alisema anaendesha vile ili asikie nani anakohoa mashambani, nami nasema alikuwa mwoga tu.

Hiyo ilikuwa miaka ya soko huria. Wanunuzi wa korosho walipanda na magari yao, kila mmoja na mizani yake na bei yake. Mitumba ikajaa gulioni. Maduka ya dawa yakaota kila njia panda. Mtu akikohoa hakuja kwetu. Alikwenda dukani akauziwa vidonge vyekundu na vyeusi, akipata nafuu kidogo anarudi shambani, na tulipokuja kumwona alikuwa amekwisha. Bwana Kifua aliwachukia wenye maduka hayo kwa moyo wake wote. Alikuwa akisimamisha pikipiki mbele ya duka, hashuki, anauliza kwa sauti ya kusikika stendi nzima, “Leo kikohozi bei gani?”

“Mzee, usituharibie biashara.”

“Si soko huria? Nami ni mfanyabiashara mwenzako. Mimi dawa natoa bure, na bado sipati wateja. Nifundishe.”

Ajabu yake ni kwamba mmoja wa wauzaji hao, yule wa karibu na stendi, alikuja kuwa msaidizi wake mkubwa. Baada ya kuchekwa mbele ya wateja mara nyingi alisalimu amri, akawa anawatuma kwetu watu wote wenye kikohozi kisichokoma. Bwana Kifua akamnunulia soda, kisha akaendelea kumsema vibaya kama zamani.

Sasa nifike kwa Fundi, maana bila Fundi siwezi kumweleza Bwana Kifua.

Fundi alikuwa na cherehani lake kwenye baraza la duka, ng'ambo ya barabara kutoka kituoni. Bwana Kifua ni Mmakua wa Lupaso, Fundi ni Myao, na Wamakua na Wayao ni watani. Mimi kwetu utani naujua, ila niliyoyakuta huku yalinishinda. Hawa wawili hawakusalimiana hata siku moja kama watu wenye adabu.

“We Myao, hujafa tu?”

“Nife nimwachie nani kazi ya kunizika? Wewe mla samaki nchanga?”

Samaki nchanga ni panya wa shambani, ambaye watu wa huku wengi wanamla na kumsifu, Wayao wakiwamo. Hilo halikumzuia Fundi. Walitukaniana baba na babu, walinyang'anyana vitu, na mmoja akikasirika ndiye aliyeonekana mjinga. Utani wao ulifika hadi makaburini. Mtu akifiwa, watani wake ndio wanaokuja kumwigiza marehemu, kuzuia jeneza njiani wakidai ushuru, na kuwachekesha wafiwa, na hakuna wa kuwaambia nyamazeni. Hata maiti mtani anaitukana.

Soko huria lilikuwa limembadilishia Fundi kazi. Zamani alishona nguo mpya. Mitumba ilipoingia hakuna aliyetaka kushonewa tena, na watu wakawa wanamletea suruali za Wazungu wanene azipunguze. Siku nzima alikuwa akibana viuno. Alisema hajapata kuona bara lenye matumbo kama lile.

Kisha akaanza kukohoa. Bwana Kifua alimchukua makohozi, yakapimwa, ikaonekana ana kifua kikuu, akaanzishiwa dawa. Hapo hakukuwa na taabu. Taabu ilikuwa kipimo cha pili. Agizo lilikuwa limeshakuja kwamba kila mgonjwa wa kifua kikuu apimwe na virusi, kwa sababu magonjwa hayo mawili hupenda kusafiri pamoja, na dawa za kurefusha maisha zilikuwa zimeanza kutolewa hospitali ya wilaya. Mgonjwa akijulikana mapema anaishi. Asipojulikana, tunamtibu kifua kinapona, halafu tunamzika. Fundi alikuwa na mke mgonjwamgonjwa aliyefariki mwaka uliotangulia, na sote tulikuwa tunajua maana yake. Bwana Kifua alitaka rafiki yake apimwe kuliko alivyotaka kitu chochote duniani, na Fundi hakutaka.

Hakuwa peke yake. Karibu wote hawakutaka, na sababu kubwa ilikuwa uwanja.

Chumba cha Bwana Kifua kilikuwa nyuma kabisa, kando ya choo, mahali ambapo waliojenga kituo waliona panawafaa wenye kifua. Changu kilikuwa mbele, katika jengo jipya lenye bati jipya. Katikati palikuwa na uwanja mtupu wa mchanga, na pembezoni mwake kina mama wa kliniki walikaa na watoto wao tangu asubuhi. Kwa kuwa hawakuwa na la kufanya, walitazama. Ukitoka mlango wa nyuma ukaingia wa mbele, kabla hujakaa kwenye kiti changu habari zako zilikuwa zimeshafika gulioni.

Bwana Kifua alimwandikia mtu kikaratasi, akamwonyesha mlango wangu. Mtu alitoka, akaona macho ya kina mama, akakumbuka kwamba ameacha mbuzi hajafungwa. Kila mmoja alikuwa na mbuzi wake. Nilikuwa nakaa ndani nikimsubiri mgonjwa aliyetumwa kwangu, huku namwona dirishani akikata kona kuelekea sokoni.

Wale wachache waliofika walituletea ugomvi mwingine. Kwa utaratibu wa siku hizo niliwapima watu kwa namba, si kwa jina, na yaliyotokea chumbani yalikuwa siri. Bwana Kifua naye kila robo mwaka alidaiwa taarifa: wagonjwa wake wangapi wamepimwa. Wengi ilibidi awaandike “haijulikani”. Neno hilo lilimtia wazimu.

“Mama Neema,” alinijia mlangoni, “yule bibi mwenye kanga ya kijani nilimtuma kwako. Alifika?”

“Siwezi kukwambia.”

“Sikuulizi majibu. Nakuuliza miguu yake. Ilifika?”

“Siri ya mgonjwa.”

“Basi fumba jicho moja kama alifika.”

Niliyafumba yote mawili, nikamwambia atoke.

Alitoka akirudi kinyumenyume, anaongea peke yake kwa kile Kiswahili chake cha Lupaso. “Ntu ana jina, ana shamba, ana wajukuu, halafu mimi niandike hajulikani! Nani hamjui? Wote tunamjua. Hatujui kitu kimoja tu, na hicho ndicho kitakachomuua.” Yeye alikuwa na haki, nami nilikuwa na haki, na mgonjwa alikuwa katikati yetu anakonda. Siku hizo nilikwenda nyumbani na hasira ambayo sikujua ni ya nani.

Bwana Kifua hakuwa mtu wa mipango mikubwa. Mpango wake wa kwanza ulikuwa kuwapa watu mfano. Alitangaza kwenye benchi la wagonjwa kwamba yeye mwenyewe anakwenda kupimwa, na mwenye macho aje aone. Alichokisahau ni kwamba alikuwa anaogopa sindano. Aliingia chumbani kwangu kifua mbele, wagonjwa wamejazana dirishani kwa ruhusa yake, akanipa mkono, akageuza uso ukutani na kuanza kuimba wimbo wa kanisani. Nilipomchoma wimbo ulikatika, na Bwana Kifua akateleza taratibu kutoka kwenye kiti hadi sakafuni. Dirishani walicheka hadi wakakohoa, na kukohoa kwao kulikuwa si mchezo. Majibu yake aliyatangaza mwenyewe alipozinduka: hana. Lakini hakuna aliyenifuata siku hiyo. Bibi wa kanga ya kijani alisema kama sindano ile imemwangusha mwanaume mrefu vile, yeye ataanzia wapi.

Mpango wa pili ulimjia kwa kiu. Newala hakuna maji. Mgeni anaweza kudhani natia chumvi, lakini huku juu mwanamke anashuka bondeni na kupanda tena nusu siku kwa ndoo moja, na wakati wa kiangazi kumwomba mtu maji ya kunywa ni kumwomba jambo zito. Dawa za kifua kikuu miezi ya mwanzo zinamezwa mbele ya mhudumu, kila siku, na zilikuwa nyingi, na kubwa. Wagonjwa waliambiwa waje na maji yao. Wengi walikuja mikono mitupu, wakameza dawa kavu huku wametoa macho, au wakaficha kidonge shavuni wakaenda kukitema nje. Kituo kizima kilikuwa na tangi moja tu la maji ya mvua, nalo lilikuwa chini ya bati jipya, ukutani mwa chumba changu.

Asubuhi moja nilimkuta Bwana Kifua barazani kwangu na meza yake, makopo yake ya dawa na benchi lake refu. Amehama.

“Nani kakuruhusu?” nikamuuliza.

“Kiu.”

Mganga mfawidhi, mkuu wetu wa kituo, alikuja, akasema wenye kifua wasikae karibu na watoto. Bwana Kifua akamwonyesha kwamba baraza langu liko upande wa upepo, na kliniki iko upande wa pili, na kwamba kule nyuma dirisha lake halifunguki tangu lijengwe. Mganga alikuwa mtu muungwana. Alisimama pale kidogo upepo ukimpeperusha tai, akasema, “Haya, tuone,” na siku ya pili alituletea vikombe.

Tangu siku hiyo uwanja ulikwisha nguvu. Kila mtu alikuja mbele, maana maji yalikuwa mbele. Wenye kifua walikuja, wajawazito walikuja, mlinzi alikuja, mwenye malaria alikuja, wapita njia walikuja kujifanya wagonjwa. Mtu akikaa barazani kwangu na kikombe mkononi hakuna aliyejua amefuata nini, na akiingia chumbani kwangu kina mama walidhani amefuata kivuli. Bwana Kifua aliwamezesha dawa huku akiwatania, nami nilitoka na kiti changu nikakaa nao, nikaongea nao kesho na keshokutwa, bila haraka. Tulikubaliana pia kwamba mgonjwa wa kifua nimwombe ruhusa yake, na akikubali yeye mwenyewe, majibu yake yaandikwe kwenye kadi yake ya dawa. Wengi walikubali. Bibi wa kanga ya kijani alikuwa wa mwanzo. Alipomaliza alimwambia Bwana Kifua kwamba sindano yenyewe si lolote, ni yeye tu aliye legelege.

Nilikuwa na furaha siku hizo. Nilikuwa naamka nikitaka kwenda kazini.

Ila Fundi. Fundi hakuja kunywa maji ya tangi, na aliyemzuia alikuwa Bwana Kifua mwenyewe. Mtu huyu, aliyemfukuza mwenyekiti wa kijiji kwenye foleni, aliyekataa kumpa mchungaji wake dawa za wiki nzima kwa sababu kanuni ni kanuni, alikuwa kila asubuhi akivuka barabara na vidonge vya Fundi mfukoni, anakwenda kummezesha pale pale kwenye cherehani. Fundi alikuwa na chupa yake ya maji. Walikaa nusu saa wakitukanana, Bwana Kifua akarudi amefurahi. Nilimwambia wazi: “Wagonjwa wote unawaleta mezani, rafiki yako unamletea nyumbani kama bwana harusi. Huyu atakufa kwa mapenzi yako.”

“Namwambia kila siku apimwe.”

“Unamwambiaje?”

Akaniambia anavyomwambia. Alikuwa anamwambia, we Myao, kapime damu yako tuone kama ni damu au mchuzi. Fundi anamjibu, tangulia wewe ukazimie tena. Wanacheka. Ndipo nilipoelewa shida iko wapi. Hawa walikuwa hawajapata kuambiana neno la kweli tangu wajuane. Kila alichosema Bwana Kifua kuhusu kifo Fundi alikichukua kuwa utani, maana mtani wako anakutishia kifo kila asubuhi, hiyo ni kazi yake. Wagonjwa wengine Bwana Kifua aliwapata kwa kuwachekesha. Huyu mmoja kucheka kulikuwa kunamficha.

Mwezi ule nilipeleka gauni langu la kazi likashonwe upindo. Kikohozi cha Fundi kilikuwa kimekwisha, alikuwa anaongea vizuri, lakini uso ulikuwa umebaki mifupa na midomo ina vidonda vyeupe pembeni. Alikuwa ameshika suruali anaibana kiunoni. Nilikaa kwenye ndoo nikisubiri. Bwana Kifua akatokea na vidonge vyake, na kutoka mbali alikuwa ameshaanza.

“Myao! Hiyo suruali ya nani? Mteja wako mtoto wa shule?”

“Ya kwangu,” Fundi akasema. “Inanivuka.”

“Si uliibana juzi?”

“Niliibana. Naibana tena.”

Bwana Kifua alisogea karibu. Aliitazama ile suruali. Pale kiunoni palikuwa na mishono juu ya mishono, uzi mpya pembeni ya uzi wa zamani, kitambaa kimejikunja ndani. Mtu ambaye kazi yake ilikuwa kupunguza suruali za Wazungu alikuwa anajipunguzia mwenyewe kidogo kidogo, na sote tulikuwa tunapita pale tunacheka.

Akavua kofia. Akashuka kwenye ngazi ya baraza ili awe chini ya Fundi, na Fundi alikuwa mdogo kwake kwa miaka mingi.

“Shikamoo,” akasema.

Mguu wa Fundi ukasimama kwenye cherehani. “Umesemaje?”

“Nimesema shikamoo, ndugu yangu.”

“Mmakua, usinitanie hivyo.”

“Sikutanii.”

Sijui nieleze vipi jinsi uso wa Fundi ulivyobadilika. Alinitazama mimi, akamtazama yeye, akatazama barabarani kama anatafuta mtu wa kumwambia kwamba ni mzaha. Watani hawaamkiani. Yeye alikuwa ametukanwa siku ya harusi yake na siku ya msiba wa mkewe, na alikuwa na hakika atatukanwa jenezani. Sasa mtani wake amesimama mbele yake kichwa wazi, anampa heshima ambayo hakuna aliyepata kumpa.

“Nakufa?” akauliza, taratibu sana.

“Unakufa,” Bwana Kifua akamwambia. “Na dawa ipo. Ipo hospitali ya wilaya, ila siwezi kukupa kabla hujapimwa. Sina neno jingine la kukutania. Yamekwisha.”

Fundi akavua futi ya kupimia shingoni, akaikunja, akaiweka kwenye droo. Akanigeukia. “Mama Neema, gauni lako nitalishona kesho.” Akavuka barabara, akavuka uwanja, katikati kabisa, kina mama wakimtazama, suruali aliyoivaa ameishika kiunoni kwa mkono mmoja. Bwana Kifua alimfuata nyuma, kofia bado mkononi. Mimi niliwafuata wote wawili nikifuta macho kwa ule upindo ambao haujashonwa.

Yaliyotokea chumbani sikuyasema kwa mtu, na leo nisingeyasema, lakini Fundi mwenyewe amekuwa akiyatangaza kwa kila anayemletea nguo. Anasema ana virusi na ana cherehani, na vyote viwili anavitunza. Anayependa kuchagua fundi mwingine barabara ni pana. Ninachoweza kukisema ni cha nje. Bwana Kifua alisubiri kwenye tangi, na muda wote ule alikuwa akinywa maji kikombe baada ya kikombe, maji ambayo yeye mwenyewe alikuwa akiwagombeza watu wasiyamalize. Fundi alipotoka alisimama mbele yake.

“Chukua shikamoo yako,” akamwambia. “Siitaki tena. Imenikaa vibaya.”

“Nipe,” Bwana Kifua akasema. “Ulikuwa huistahili hata hivyo, Myao wee.” Akataka kucheka, kikatoka kilio. Walilia wote wawili pale kwenye maji, wanaume wazima, na kina mama wa kliniki kwa mara ya kwanza waligeuka wakatazama pembeni.

Sikumwona Bwana Kifua kwa miaka mingi baada ya kustaafu kwake. Nami nilistaafu, nikajenga Masasi, sikurudi Korogwe. Watoto wangu walinicheka kwamba nimeolewa na mikorosho. Halafu siku moja nikapigiwa simu: mama mzazi wa Bwana Kifua amefariki kule Lupaso, bibi mzee sana, amekufa usingizini kama watu wanaoomba hivyo. Nikapanda bodaboda.

Nilimkuta amekaa kwenye mkeka chini ya ukuta, mvi tupu, mwembamba kuliko zamani. Aliitikia salamu yangu, akanishika mkono, akasema, “Mama Neema, umekuja.” Dada zake waliniambia hajala tangu jana wala hajalia. Nilikaa naye. Watu walikuja, wakampa pole, akatikisa kichwa. Sijawahi kumwona mtu yule bila neno la kusema, nikaogopa.

Jeneza lilipotolewa nje tukasikia kelele njiani. Fundi amefika kutoka Newala. Alikuwa na tumbo! Alikuwa amejifunga kitenge cha marehemu, alichokinyakua sijui saa ngapi kutoka kwenye kamba ya nguo, na fimbo ya marehemu mkononi. Akaja akichechemea vile vile alivyochechemea yule bibi, akalala chali katikati ya njia mbele ya jeneza.

“Sitoki!” akaita kwa sauti ya kikongwe. “Niitieni huyo mwanangu mrefu! Nimemsomesha, ameishia kuchungulia makohozi ya watu! Amekula? Mwambieni ale, mifupa hiyo nikienda nayo mbinguni watasema nilimnyima ugali!”

Wanawake walianza kucheka huku wanalia. Bwana Kifua alimtazama, mabega yakaanza kutikisika, nikasikia kicheko chake kile cha zamani, na kilipokatika machozi yakamtoka kama maji ya bombani. Dada yake akamletea uji, akaupokea.

“Unajua, Mama Neema,” akaniambia huku anapuliza kikombe, “nakumbuka wale waliokwenda kufunga mbuzi. Wale niliowaandika haijulikani. Nilikuwa nawahesabu wagonjwa. Walikuwa watani wa watu, wajomba wa watu. Ziko nyumba leo zikifiwa hakuna wa kulala njiani.” Akanywa uji wote, akaweka kikombe chini.

Fundi alipewa ushuru wake, kuku mmoja na tumbaku, akainuka akijifuta mchanga, akakataa kumwachia mtu mwingine upande wa mbele wa jeneza. Bwana Kifua akashika nyuma yake. Njia ya makaburini ilipita katikati ya mikorosho na ilikuwa ya kupanda kidogo. Nilikuwa karibu nao. Fundi, kwa unene ule, alikuwa anahema.

“We Myao,” nikasikia. “Kohoa nikusikie.”

Fundi akakohoa, kwa makusudi, kwa nguvu zake zote. Bwana Kifua aliinamisha kichwa akasikiliza, mama yake begani, msafara mzima umesimama nyuma yetu.

“Hamna kitu,” akasema. “Twende tukamzike mama.”